Anayeuza kwa Simu Naye Abishe Hodi

 

Ndugu Waislamu, katika mtaa wetu yuko bibi mmoja, mjane, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiuza vitumbua na kuweka akiba kidogo kidogo kwa nia ya kwenda Umra. Jioni moja, baina ya Magharibi na Isha, simu yake ililia. Sauti ya upole ikamtolea salamu kamili, ikamwita "mama yangu", kisha ikamweleza kuwa imebaki nafasi moja tu katika msafara, na kwamba bei ile iliyopunguzwa ingekoma usiku uleule. Akatakiwa atume arbuni ya shilingi laki nane. Akatuma. Kulipopambazuka namba ile haikupatikana tena, wala haijapatikana hadi leo. Alipotusimulia mkasa huo, kilichomuuma kuliko fedha ni ile salamu. "Alinitolea salamu, wanangu," alisema, "nikajua huyu ni mtu wa kheri."

Mkasa kama huu si mgeni katika nyumba zetu. Kama hukupata wewe, amepata shangazi yako au jirani yako. Ndiyo maana leo tumeona tuizungumzie biashara hii ya kuuza kwa njia ya simu: ina adabu gani katika dini yetu, nchi nyingine zimeiwekea masharti gani ya leseni, na sisi wenye nyumba tufanye nini ili tusiliwe mali zetu kwa batili.

Kuuza kwa simu si haramu

Tuanze kwa kuondoa shaka. Kuuziana kwa simu hakuna ubaya kwa asili yake. Mwezi Machi mwaka 1990, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah katika kikao chake cha sita, lilijadili mikataba inayofungwa kwa vyombo vya mawasiliano vya kisasa. Wanazuoni wakapitisha kwamba watu wawili wanaouziana kwa simu wanahesabiwa kama waliohudhuria mahali pamoja, japokuwa kila mmoja yuko mji wake. Waliyavua mambo machache, kama vile ndoa, ambayo inahitaji mashahidi, na ubadilishanaji wa fedha, ambao sharti lake ni kukabidhiana papo hapo.

Basi ikiwa sheria inamhesabu mpiga simu kuwa yuko mbele yako, inafuata kwamba adabu zote za mtu aliyekuja mbele yako zinamhusu. Hawezi kuchukua faida ya kuhudhuria, yaani mkataba kukubalika, halafu akakimbia wajibu wa kuhudhuria. Na adabu ya kwanza ya mtu anayekuja nyumbani kwa mwenziwe ni hodi.

Adabu ya mlango

Katika Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu anatukataza kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Na tukiambiwa turudi, basi turudi, kwani hilo ndilo lililo safi zaidi kwetu. Wengi wetu tumeihifadhi adabu hii kwa upande wa mlango wa mbao. Lakini simu leo ni mlango pia. Huingia chumbani, huingia jikoni, na humfikia mgonjwa aliyelala na mzee aliye peke yake.

Tazama jinsi mafunzo ya Mtume (S.A.W.) yalivyolipanga jambo hili. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Jabir bin Abdillahi (R.A.) alikwenda kwa Mtume kwa ajili ya deni la baba yake, akabisha mlango. Alipoulizwa ni nani, akajibu kwamba ni yeye, bila ya kutaja jina. Mtume hakulipenda jibu lile. Mwenye kubisha hodi anatakiwa ajitambulishe, ili mwenye nyumba ajue anamfungulia nani. Sasa linganisha na yule anayekupigia akisema tu, "Nazungumza kutoka makao makuu." Makao makuu ya nani?

Kadhalika ni mashuhuri kisa cha Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.), aliyekwenda kwa Sayyidna Umar (R.A.), akaomba ruhusa mara tatu, na alipokosa jibu akaondoka. Alipoulizwa, akasema kuwa hivyo ndivyo Mtume alivyofundisha. Sayyidna Umar akamtaka alete shahidi, na Abu Said Al-Khudri (R.A.) akaja kushuhudia. Hodi, kwa hiyo, ina kikomo. Asiyeitikiwa hana haki ya kuugonga mlango kutwa nzima.

Na hodi ina nyakati. Katika Sura hiyohiyo, aya ya 58, zimetajwa nyakati tatu za faragha: kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa mchana watu wanapovua nguo zao kupumzika, na baada ya Sala ya Isha. Aya hiyo inawataja watumishi wa nyumbani na watoto wasiobaleghe, kwamba hata wao waombe ruhusa nyakati hizo. Ikiwa mtoto wa ndani ya nyumba anatakiwa abishe hodi, vipi mgeni asiyejulikana ambaye haja yake ni kuchukua fedha?

Sheria za walimwengu

Ajabu ni kwamba mataifa yaliyokaa kutunga sheria za uuzaji wa simu yamejikuta yakiyapanga mambo hayohayo: kujitambulisha, idadi ya kupiga, na saa za kupiga.

Marekani ilipata taabu ya simu hizi mapema. Mwaka 1991 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwalinda wateja wa simu, mwaka 1994 ikafuata sheria dhidi ya udanganyifu katika uuzaji wa simu, na mwaka 1995 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ikatoa kanuni zake. Kanuni hizo zinamkataza muuzaji kupiga simu nyumbani kwa mtu kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 3 usiku. Mwezi Juni mwaka 2003 ikafunguliwa daftari ya taifa ya watu wasiotaka kupigiwa. Leo zimeandikishwa humo namba zaidi ya milioni 240. Huko ndiko kuambiwa "rudi" kwa maandishi.

Jimbo la Florida katika nchi hiyo limekwenda mbali zaidi. Huko, pamoja na vighairi kadhaa vilivyotajwa na sheria, kampuni inayouza kwa simu lazima iwe na leseni kutoka idara ya jimbo inayoshughulikia kilimo na huduma za walaji, na kila muuzaji anayekaa kwenye simu naye anahitaji leseni yake. Zaidi ya hayo kampuni huweka dhamana ya dola 50,000, ili akitokea mteja aliyedhulumiwa pawe na mahali pa kumlipia. Mwaka 2021 jimbo hilo lilikaza kamba: mwisho wa kupiga ukawa saa 2 usiku, na muuzaji akazuiwa kumpigia mtu mmoja zaidi ya mara tatu katika saa 24 kwa jambo lilelile. Msomaji mwenyewe ataona: mara tatu!

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi ambako ndugu na watoto wetu wengi wanaishi na kufanya kazi. Mwaka 2024 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo lilitoa maazimio mawili, moja la kuisimamia biashara ya kuuza kwa simu na jingine la adhabu zake, na yakaanza kutumika mwezi Agosti mwaka huo. Kwa mujibu wa kanuni hizo, kampuni haiwezi kuuza kwa simu bila ya idhini ya awali kutoka mamlaka inayohusika. Ni lazima itumie namba za ndani ya nchi zilizosajiliwa kwa leseni ya kampuni yenyewe. Ni lazima iwafundishe wauzaji wake adabu za kazi hiyo. Kupiga ni kati ya saa 3 asubuhi na saa 12 jioni tu, muda ambao kwa miezi mingi ya mwaka humalizika kabla ya adhana ya Magharibi. Mteja akikataa bidhaa asipigiwe tena siku ile. Na asipopokea au akikata simu, asipigiwe zaidi ya mara moja kwa siku na mara mbili kwa wiki. Aliyejiandikisha katika daftari ya wasiotaka kupigiwa asiguswe kabisa.

Adhabu nazo si za mchezo. Kampuni inayofanya kazi hiyo bila ya idhini hutozwa dirhamu 75,000 kwa kosa la kwanza, 100,000 kwa la pili, na 150,000 kwa la tatu.

Leseni ina maana gani?

Huenda mtu akauliza: leseni itasaidia nini, na mwizi hatakwenda kuiomba? Swali hili ni la haki. Ni kweli mwizi haombi leseni. Lakini pale ambapo leseni ni sharti, mnunuzi amepewa swali la kuuliza, na mwizi amekosa jibu. Pasipo sharti hilo, mwaminifu na laghai husikika kwa sauti moja, na mara nyingi laghai ndiye mwenye sauti tamu zaidi.

Na wazo lenyewe si geni katika Uislamu. Tirmidhi amepokea kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alizuia mtu kuuza katika soko lao ila yule aliyeifahamu dini, yaani anayejua halali na haramu za biashara. Hilo ni sharti la kuingia sokoni. Baadaye dola za Kiislamu zikawa na muhtasibu, mtu aliyepewa kazi ya kuzunguka sokoni akikagua mizani, vipimo na ubora wa bidhaa. Imamu Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, ameieleza kazi hiyo kwa urefu katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Wazee wetu hawakumwachia mnunuzi peke yake mzigo wa kupambana na laghai.

Tena leseni huokoa zaidi ya fedha. Katika Hija ya mwaka 2024, wakati wa joto kali, Saudi Arabia ilitangaza kuwa mahujaji 1,301 walifariki dunia, na kwamba asilimia 83 yao walikuwa hawana kibali cha Hija. Walitembea mwendo mrefu juani bila ya hema wala mahali pa kupumzikia. Misri peke yake ilizifutia leseni kampuni 16 za utalii baada ya msiba huo. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Wengi wa watu wale walikuwa wazee waliouza walichokuwa nacho ili waitikie wito wa Mola wao. Anayekuuzia safari ya ibada bila ya idhini anaweza kukuuzia mauti yako, nawe ukamshukuru.

Kukutwa mbali na soko

Iko hila moja katika biashara ya simu ambayo dini yetu iliitambua zamani. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutoka kwenda kuipokea misafara njiani kabla haijafika sokoni. Sababu yake ni kwamba yule mgeni na mali yake hajui bado bei ya mjini, na aliyemwahi njiani humpunja. Katika riwaya ya Muslim, mwenye mali akishafika sokoni akaona amepunjwa, ana khiyari ya kuuvunja ule uuzaji.

Mpiga simu hufanya jambo linalofanana na hilo, ila safari hii anayekutwa njiani ni mnunuzi. Umekutwa jikoni, chungu kipo motoni. Huna bidhaa nyingine ya kulinganisha, huna wa kumshauri, na unaambiwa bei inakwisha usiku huu. Ile haraka ndiyo inayouzwa. Bidhaa ya kweli ingekuwepo na kesho.

Dawa ya haraka ni muhula. Palikuwa na Sahaba, na katika baadhi ya mapokezi anatajwa kuwa ni Hibban bin Munqidh (R.A.), aliyekuwa akipunjwa sana katika biashara kwa sababu ya jeraha la kichwa lililomdhoofisha. Jamaa zake wakaomba azuiwe kufanya biashara. Mtume (S.A.W.) akamfundisha kuwaambia anaofanya nao biashara kwamba pasiwe na hadaa, na katika riwaya nyingine akampa khiyari ya siku tatu katika kila anachonunua. Kutoka hapo wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameruhusu sharti la khiyari mpaka siku tatu. Huko Uingereza na katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2014, aliyenunua kwa simu ana siku 14 za kurudi nyuma katika bidhaa nyingi, isipokuwa vitu kama vyakula vinavyoharibika upesi. Siku zao ni nyingi kuliko zetu, lakini hekima ni ileile: dhaifu apewe muda wa kufikiri.

Neno kwa wanaofanya kazi hiyo

Tusiwasahau vijana wetu walioajiriwa kupiga simu hizo, hapa nyumbani na huko Ghuba. Kazi yenyewe ni halali kwa anayeuza kitu halali, akasema kweli, na akataja kasoro ya anachokiuza. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta ndani yake kumelowa, alimtaka mwenye mali aiweke ile sehemu iliyolowa juu ili watu waione, na akajitenga na mwenye kughushi. Katika simu, maji ya chini ya rundo ni ile gharama isiyotajwa, na lile sharti linalosomwa haraka mwishoni.

Na kwa walioko Falme za Kiarabu kuna tahadhari mahsusi. Kanuni za mwaka 2024 zinamkataza mtu binafsi kuuza bidhaa au huduma kwa kutumia namba iliyosajiliwa kwa jina lake. Faini ya kosa la kwanza ni dirhamu 5,000. Kijana anayeambiwa na bosi wake, "Tumia laini yako mwenyewe, tutakurudishia vocha," ajue kwamba anabebeshwa mzigo usio wake. Aombe namba ya kampuni.

Huku kwetu

Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Miongoni mwa haki zilizomo ni mtu kukataa taarifa zake zisitumiwe kwa kutangaziwa biashara moja kwa moja. Kenya nayo ina sheria ya mwaka 2019, inayotaka ridhaa ya mtu kabla taarifa zake hazijatumiwa kibiashara. Na Katiba yake ya mwaka 2010, ibara ya 46, imezitaja haki za walaji waziwazi. Kwa hiyo unayo haki ya kumwuliza mpiga simu: "Namba yangu umeipata wapi?" Swali hilo ni la kisheria, wala si ukosefu wa adabu.

Nyumbani tufanye nini?

Kwanza, tuwafundishe wazee wetu kwamba kukata simu ya mtu asiyejitambulisha si kumkosea heshima. Aliyeambiwa rudi, na arudi.

Pili, kila anayeuza aulizwe jina lake, jina la kampuni, na leseni yake imetolewa na nani. Kisha aambiwe, "Nitakupigia mimi," na itafutwe namba ya kampuni hiyo kwa njia nyingine, isiwe ile aliyoitaja yeye.

Tatu, familia ikubaliane kwamba hakuna fedha inayotumwa kwa sababu ya simu mpaka usiku mmoja upite na mtu wa pili ashauriwe. Mume asione aibu kumshauri mke, wala mama asione aibu kumshauri mwanawe.

Nne, namba ya siri ya akaunti ya simu haitajwi kwa yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu au wa benki.

Tano, safari za Hija na Umra zinunuliwe ofisini, kwa wakala anayetambuliwa na taasisi inayosimamia Hija nchini, kwa risiti na mkataba wa maandishi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kwa ajili ya kuandikiana. Tusiidharau kalamu.

Sita, aliyedhulumiwa asifiche. Atoe taarifa polisi na kwa mamlaka ya mawasiliano. Kunyamaza kwake kwa haya ndiko kunakompa laghai nafasi ya kupiga mlango wa pili.

Yule bibi yetu bado anauza vitumbua. Wajukuu zake sasa wamemzoesha kuuliza, na juzi walisikia akimwambia mtu kwenye simu, "Waalaykumu salaam, baba. Salamu nimeipokea. Sasa niambie jina lako nani, na leseni yako iko wapi?" Simu ikakatika upande wa pili. Akacheka, akarudi jikoni.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrudishie alichopoteza kwa kilicho bora, amjaalie kuiona Nyumba Yake tukufu, na aturuzuku sote chumo la halali na ulimi wa kweli. Wabillahi tawfiq.